Jinsi ya kutafuta shukrani mwisho wa mwaka uliokuchapa, hatua kwa hatua

Kila Disemba ikifika maswali ni yale yale. Mtu anapiga simu kutoka Kondele hapa Kisumu, mwingine anaandika kutoka Kaptembwa kule Nakuru ama Luanda upande wa Vihiga, na wote wanauliza kitu kimoja: nitashukuru nini na huu mwaka umenichapa hivi? Kanisani wameambiwa walete sadaka ya shukrani, nyumbani mzee anataka kila mtu asimame kabla ya chakula cha Krismasi aseme neno, na wewe kichwani unaona tu barua ya kufutwa kazi, bili ya hospitali, ama kaburi ambalo hata simiti bado haijawekwa. Sasa nimeandika vile tunafanyaga, mwanzo mpaka mwisho, ndio uanze leo bila kungoja nishike simu.

Kitu moja tu ujue kabla hatujaanza. Shukrani ukiingoja ikujie moyoni yenyewe utangoja sana, hasa mwaka kama huu. Inatafutwa, na inatafutwa kwa watu. Ulipita mahali pabaya na kuna watu walikushika mkono ukipita, wengine umewasahau, wengine unawakwepa, na hao ndio tunaenda kuwatafuta.

Vitu utahitaji

- Daftari ndogo na biro. Simu pia inaandika lakini meseji zitaingia na utajipata uko kwa status za watu, kwa hivyo chukua karatasi.
- Stetimenti yako ya M-Pesa ya mwaka mzima. Hii naeleza hapo chini, usiiruke.
- Masaa mawili ya utulivu. Kama nyumba ni ya rumu moja na watoto wamefunga shule, toka. Walio Kisumu wengine huenda Dunga asubuhi mapema kabla wateja wa samaki hawajajaa, na Nakuru kuna watu hupanda Menengai, tayari ni mahali wengi wamezoea kwenda kuomba.
- Mtu mmoja unamwamini ambaye anaweza kusikiliza bila kukuhubiria.
- Pesa kidogo ya sukari na ya boda. Kama haipo usisimamishe kazi, utaona mbele.

Kuhusu tarehe: fanya kabla ya tarehe 20. Baada ya hapo nauli za kwenda ushago zinapanda, wageni wanaingia, kuku wanachinjwa, na hautapata hata dakika kumi za kukaa peke yako. Usingoje kesha ya tarehe 31 usiku, saa hiyo umechoka na kila mtu anapiga kelele ya furaha, utaona kama ni wewe peke yako uko na shida.

Hatua ya 1: Andika mabaya kwanza

Fungua ukurasa wa kwanza uandike juu, Yaliyoniumiza. Halafu yaweke moja moja bila kupamba. Kazi iliisha Machi. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya fii. Mama alilazwa Russia, ile hospitali kubwa ya Jaramogi hapa Kisumu, na tukalala kwa benchi. Shamba lilibebwa na maji. Mimba ilitoka na sikuambia mtu.

Na usiandike ya nyumba yako peke yake. Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga alipofariki kule India, hapa Kisumu nimeona watu wazima wakilia kama wamefiwa na baba mzazi, wakaenda uwanja wa Mamboleo kumuaga, na mpaka leo wanaona haya kusema hiyo ni huzuni yao pia. Kama ilikuuma, iandike, hakuna mtu anapima.

Tunaanza na mabaya kwa sababu ukiyafungia ndani, kila jema utakaloandika baadaye litajibiwa na sauti inasema, na ile je? Ukishayaandika hiyo sauti inapunguza nguvu, yako pale kwa karatasi, hayajasahaulika.

Onyo: usiweke mbele ya kila shida maneno ya kuifuta kama "lakini yote ni heri". Acha shida ibaki shida. Na usijilinganishe na waliokufa ama walioumia kukuliko, eti angalau wewe una miguu. Hiyo inakufanya uone aibu ya kuumia, na mtu mwenye aibu hawezi kushukuru, anaweza tu kunyamaza.

Ukimaliza, funga daftari, kunywa chai, tembea kidogo. Hata ukitaka kurudi kesho ni sawa.

Hatua ya 2: Toa stetimenti ya M-Pesa

Hapa ndio watu hushangaa, kwa sababu akili ya mtu aliyeumia inakumbuka waliomwacha na inasahau waliomtumia mia mbili. Stetimenti haisahau. Piga *334#, ingia kwa akaunti yako, tafuta stetimenti, chagua miezi unayotaka, inakuja kwa imeli. Kwa apu pia iko. Ikiwa imefungwa, fuata maelezo wanayokupa ya kuifungua. Kama hauna imeli nenda saiba, lakini usiachie mtu wa saiba PIN yako, na usiache hiyo faili kwa kompyuta yao. Hakuna haja ya kuprinti yote maana ya mwaka mzima inaweza kuwa kurasa nyingi sana, isome tu kwa skrini.

Sasa soma upande wa pesa zilizoingia peke yake. Mshahara ruka. Pesa za biashara ruka. Fuliza na loni zingine ruka, hizo zilikuja na riba. Unatafuta jina la mtu. Ukipata jina, angalia tarehe, halafu rudi kwa ukurasa wako wa mabaya uone kulikuwa na nini wiki hiyo. Andika jina, kiasi, tarehe, na shida iliyokuwepo.

Nakuambia ukweli, kuna mtu ataona mia tatu na hamsini kutoka kwa shemeji yake na mwanzoni hatakumbuka ilikuwa ya nini, kisha akumbuke ilikuwa siku ile gesi iliisha na mtoto ana homa, na huyo shemeji aliongezea ya kutoa juu yake. Hiyo "ya kutoa" iangalie vizuri. Mtu aliyekutumia na ya kutoa alikuwa anafikiria usimame mbele ya ajenti ukose shilingi chache, na hiyo ni aina ya upendo ambayo haipewi jina siku zote.

Baada ya M-Pesa ingia kwa yale magrupu ya WhatsApp ya michango, ya hospitali ama ya matanga. Ile listi iliyokuwa ikikopiwa na kuongezwa jina kila saa bado iko huko ukipanda juu. Isome yote polepole. Utapata majina ya watu ambao hata hamjuani vizuri, mtu mlisoma naye darasa la sita, fundi alikujengea jiko. Kama grupu lilifutwa, uliza aliyekuwa mweka hazina, wengi huandika kwa kitabu.

Onyo: usigeuze hii kazi kuwa ya kutafuta nani hakutuma. Ukijipata unahesabu waliokunyima, funga hiyo simu urudi baadaye. Kuna mtu hakutuma kwa sababu siku hiyo naye alikuwa analalia uji.

Hatua ya 3: Tafuta wale hawako kwa M-Pesa

Msaada mwingi mkubwa haukuacha meseji. Funga macho uende mwezi kwa mwezi ukijiuliza maswali madogo madogo. Nani alichukua watoto siku ile? Nani alinipea kwa mkopo? Nani alikaa tu?

Mama mboga aliyekuandikia kwa kitabu wiki tatu bila kukuuliza mbele ya watu. Mwanaboda aliyekutoa Nyalenda usiku wa manane na mgonjwa katikati, akasema utanilipa ukipata. Mwalimu aliyemwacha mtoto akae darasani wakati wengine wameenda nyumbani. Landlodi aliyengoja mpaka tarehe kumi na tano. Mlinzi wa hospitali aliyekuruhusu uingie nje ya saa za kuona wagonjwa. Nesi aliyekueleza dawa mara ya pili na pole pole. Wale mama wa chama waliokuja kupika kwa matanga, wakaosha sufuria na wakaondoka bila kuaga ndio wasikusumbue, hao hasa husahaulika, kwa sababu siku hiyo hauoni mtu.

Pitia na picha za simu, zinakumbusha. Ukiona picha ya kitanda cha hospitali jiulize aliyeipiga ni nani, huyo alikuwa pale na wewe.

Hatua ya 4: Andika sentensi nzima

Sasa uko na majina. Kila jina lipe sentensi yenye vitu vinne: nani, alifanya nini, lini, na bila yeye ingekuwaje. Kwa mfano, "Nashukuru majirani" ni fupi sana, haishiki. Andika hivi: "Mama wa nyumba ya tatu alilala na watoto wangu siku mbili mwezi wa Mei nikiwa wodini, bila yeye ningewafungia ndani peke yao."

Hicho kipande cha mwisho, bila yeye ingekuwaje, ndicho kinachofanya kazi. Usikiruke hata kama kinaumiza.

Wengi wataandika "namshukuru Mungu kwa uhai". Ni kweli na uiandike, ila kwa hii kazi ongeza alikushika kupitia nani. Kama unaamini Mungu alikuona, basi alimtumia mtu, mwandike huyo mtu pia.

Tano au sita zinatosha. Usijaze daftari.

Hatua ya 5: Weka alama kwa wale unaowakwepa

Hii hatua wengi hawaitarajii, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote. Angalia listi yako utaona mtu mmoja ama wawili ambao walikusaidia sana na saa hizi unapitia njia nyingine usikutane nao. Ni kwa sababu ya deni. Alikukopesha elfu tatu Aprili ukasema utarudisha mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha, ukaacha kushika simu yake, sasa ukimwona soko la Kibuye siku ya Jumapili unajificha nyuma ya nguo za mitumba. Mtu aliyekuokoa amegeuka kuwa mtu wa kuogopwa, na mwaka ukiisha hivyo utamwingiza kwa hesabu ya mabaya ilhali alikuwa kwa mazuri.

Na yeye pia ako na upande wake. Mara nyingi ile pesa alishaikatia tamaa, kinachomuuma ni kuona ulinyamaza.

Mweke alama, halafu fanya haya kabla ya kumtafuta. Moja, andika kiasi kamili unachodaiwa. Mbili, angalia unaweza kulipa ngapi kweli, hata kama ni mia mbili kwa wiki, na usitaje kiasi cha kumfurahisha. Tatu, ukienda tanguliza asante, kisha deni, kisha mpango, kwa huo mpangilio. Unaweza kusema hivi:

"Kaka, nimekuja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni asante. Ile elfu tatu ya Aprili ndiyo ilimtoa mama hospitali, na sijawahi kukuambia hivyo. Ya pili, najua bado sijarudisha na nilinyamaza, pole sana kwa hilo. Naweza kukutumia mia mbili kila Ijumaa kuanzia wiki hii. Hii hapa ya kwanza."

Usiende kwake kushukuru tu ukanyamazia deni, ataona umekuja kumlainisha. Na kwa hiyo ziara usiombe kitu kingine chochote, hata kama shida iko. Asante inayofuatwa na ombi inageuka kuwa mlango wa kukopa.

Hatua ya 6: Nenda ukaseme

Chagua watatu. Wa karibu waendee kwa miguu, wa mbali wapigie simu, na kama kuongea kunakushinda tuma sauti kwa WhatsApp, isiwe meseji ya kufowadi yenye maua na mishumaa.

Kwa nini kwenda na usiandike tu? Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani anaitwa Martin Seligman na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu waliandika barua ya kumshukuru mtu ambaye hawakuwa wamewahi kumshukuru vizuri, wakampelekea wenyewe. Furaha yao ilipanda sana, kuliko mazoezi mengine waliyojaribu, lakini baada ya miezi michache ilikuwa imeshuka tena. Hapo tutarudi kwa hatua ya 7.

Ukienda, beba kitu kama unaweza: sukari, majani, mkate, omena ya kumimina kwa sahani. Kama huna, nenda mikono mitupu na useme ukweli, "Mama, leo nimekuja bila kitu, nimekuja na neno." Kwa mkubwa wako kaa chini kwanza, salimu vizuri, uliza watu wa nyumbani, usiingie na maneno mlangoni. Kisha soma ile sentensi yako kutoka kwa daftari, ama iseme kwa kichwa, na unyamaze. Usijaze hiyo nafasi na maneno mengi.

Huyo mtu anaweza kulia. Anaweza kukuambia naye mwaka wake ulivyokuwa, na mara nyingi utagundua alikusaidia akiwa hana. Panga kukaa, usimwambie boda angoje nje.

Makosa matatu ya hii hatua, yanarudi kila mwaka. La kwanza ni kumweka mtu kwa status pamoja na kiasi alichotoa, kesho yake milango yake inagongwa na ndugu zake wote wanaouliza mbona wao hawakupewa. Mshukuru kwa faragha, ama umuulize kwanza. La pili ni kumshukuru mzee mbele ya watu wengi kwenye sherehe na kuacha mke wake ambaye ndiye alipika na kuosha mgonjwa. Taja wote wawili. La tatu ni kulazimisha wengine. Usimwambie mjane aliyezika Novemba asimame ashukuru mbele ya chakula. Mwache akae, mpe sahani, akitaka kusema atasema.

Kama aliyekusaidia amefariki, mwandikie hivyo hivyo sentensi yake, kisha uitafute familia umwambie mtoto wake. Watoto wengi hawajui baba yao alisaidia nani, na hilo neno wataliweka miaka mingi.

Hatua ya 7: Januari, mara moja kwa wiki

Hii ni ya ile furaha inayoshuka baada ya ziara, na ni rahisi. Jumapili jioni, daftari lile lile, andika vitu visivyozidi vitano vya hiyo wiki. Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 walionyesha kwamba watu walioandika vitu hadi vitano vya kushukuru kila wiki, kwa wiki kumi, walijisikia vizuri kuhusu maisha yao kuliko wale walioandika vya kuwaudhi. Wiki ikiwa mbaya andika kimoja. Usiongeze iwe kila saa, itageuka kuwa homuweki na utaiacha kabla Januari haijaisha, na Januari tayari iko na fii za shule.

Ukikwama

*Nimekaa na sijapata hata mtu mmoja.* Punguza eneo, acha mwaka mzima, chukua wiki mbaya kuliko zote na uliza tu: wiki hiyo nilikula nini na kilitoka wapi? Ukishindwa mwite yule mtu unamwamini umwambie akukumbushe, watu wa nje huona waliokuwa wanaingia kwako.

*Nikianza kuandika nalia.* Lia, hiyo ni hatua ya 1 bado inaendelea. Usihame kwenda ya 2 siku hiyo.

*Nimekasirikia Mungu, siwezi kusimama kanisani.* Usijifanye. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, na iko ndani ya Biblia pamoja na zile za kushangilia. Mwambie ulivyo. Watu bado unaweza kuwashukuru wakati hayo mengine yanaendelea.

*Aliyenisaidia ndiye huyo huyo aliniumiza.* Mwandike kwa kurasa zote mbili, kila jambo mahali pake. Kama alikupiga ama alikunyanyasa huna deni la kumtembelea, hata kama alilipa fii. Abaki kwa daftari.

*Nimefanya yote na sihisi chochote.* Hiyo hutokea mtu akiwa amechoka mpaka mifupa. Malizia zile ziara kwa sababu zinawafaa wale wengine pia, na wewe hisia itafuata baadaye. Lakini kama ni zaidi ya wiki mbili hupati usingizi, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, ama unafikiria kufa, hii kazi ya daftari weka kando kabisa uende hospitali, huo ni ugonjwa na unatibika. Msalaba Mwekundu wa Kenya wako na namba 1199, ni bure kupiga, utaongea na mtu. Kama mawazo ya kufa yako leo, usibaki peke yako, mwite mtu akae na wewe hata kabla ya kupiga.

*Nimeenda kumshukuru akaniambia "wacha hiyo, ni kitu kidogo", nikaona aibu.* Wengi wetu tumefunzwa kujibu hivyo, hajakukataa. Mjibu mara moja tu, "Kwako ni kidogo, kwangu ilikuwa siku nzima ya chakula," halafu kubali chai akikukaribisha, muulize na yeye mwaka wake umekuwaje, na kabla hujatoka uone kama kuna kazi ya mikono unaweza kumsaidia hapo, kubeba maji, kupalilia, kumpeleka mtoto kununua sare ya shule.